Diski ya Kibondo Ikisomwa Kasulu

"Hapana, mwalimu, kompyuta haijasema kwamba huyu msichana ameiba. Imesema mafaili ni yake, na hapo ndipo inapokosea. Angekuwa ameyachungulia kwa wizi, jina lako lingebaki pale pale."

Mwalimu aliniangalia kwa juu ya miwani. "Kwa hiyo kompyuta inakosea, ila wewe hukosei."

"Leo sikosei."

"Binti, una majibu."

"Nina majibu kwa sababu unaniuliza, mwalimu."

Ilikuwa Ijumaa mchana, mwaka 2014, Kasulu, katika chumba cha kompyuta cha umoja wa walimu, ambako mimi ndiye fundi. Huyo mwalimu alikuwa wa hesabu, mtu wa Kilimanjaro aliyepangiwa kazi Kibondo miaka mingi hadi akajua kuitikia salamu za Kiha, na ndiye aliyekuwa mratibu wa mitihani ya ujirani mwema. Shule za Kibondo na za Kasulu zilikuwa zinafanya mtihani mmoja, kidato cha nne, kabla ya ule wa taifa. Yeye ndiye alitunga hesabu na kukusanya masomo mengine yote. Mtihani ulikuwa uanze Jumatatu.

Aliyekuwa anatuhumiwa alikuwa kasimama mlangoni na ndoo ya maji mkononi. Alikuwa msichana wa kidato cha nne, anaishi Kabanga na mama yake. Siku za mapumziko na baada ya vipindi alikuwa anakuja kutufungulia chumba, anapiga deki, halafu tunamfundisha kutaipu. Ndiyo makubaliano yetu. Na yeye alikuwa wa kufanya mtihani huo huo.

Ngoja nieleze ilivyokuwa, maana hata mimi mwanzoni nilichanganyikiwa.

Umoja wa walimu ulikuwa na vyumba viwili, kimoja Kibondo, kimoja kwetu Kasulu. Kompyuta zote zilikuwa za msaada na zilikuja na Linux, ambayo kila mtu anafunguliwa akaunti yake na jina lake, na faili la mtu mwingine hulifungui mpaka uruhusiwe. Wiki ile umeme wa Kibondo ulikatika, uliporudi ukarudi na hasira, kompyuta yao ikaungua. Diski ya ndani, yenye mitihani yote, ilipona. Wakaifunga kwenye kitenge, wakaiweka ndani ya boksi la sabuni, wakampa kondakta wa basi. Alhamisi jioni yule msichana akaipokea stendi, akaja kuifungia kabatini kwetu. Ijumaa mwalimu naye akafika kuja kuchapa mitihani kwetu. Nikaichomeka diski kwenye kompyuta ya mbele kwa waya wangu, yeye akaingia kwa akaunti yake ya Kasulu, akabonyeza mtihani wa hesabu.

Kompyuta ikamwambia hana ruhusa.

Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kama vile shida ni kidole. Ikamwambia hana ruhusa. Basi akafungua pale panapoandikwa mwenye faili ni nani, akakuta jina la yule msichana. Akaangalia Kemia, akakuta jina lile lile. Kiswahili, lile lile. Mtihani mzima, kuanzia karatasi ya kwanza mpaka ya mwisho, ulikuwa wa mtoto wa Kabanga anayepiga deki.

"Mtihani nimetunga mimi," alisema, polepole, kama anaandika ubaoni. "Kompyuta inaninyima mimi. Mwenye mali ni yeye. Na jana diski ililala kwa nani? Ufunguo wa kabati alikuwa nao nani?"

"Alikuwa nao yeye," nilisema. "Ila waya wa kuichomekea ulikuwa kwenye mkoba wangu, nyumbani kwangu."

"Ndivyo unavyosema wewe, rafiki yake."

Msichana akaweka ndoo chini. "Mwalimu, mimi Kibondo hata sijawahi kufika."

"Huhitaji kufika Kibondo. Kibondo imekuja kwenye boksi la sabuni."

"Hesabu zenyewe nikizipata leo usiku, mwalimu, mpaka Jumatatu bado nitakuwa sijazijua," alisema. Hakuwa anafanya mzaha, hesabu zilikuwa zinamtesa kweli. Lakini mwalimu aliona anamkejeli. Akamwambia aache ufunguo mezani, asikanyage tena pale, na Jumatatu asiingie kwenye chumba cha mtihani mpaka mkuu wake wa shule apewe taarifa. Msichana akautoa ufunguo shingoni, ulikuwa kwenye kamba ya kiatu, akauweka mezani taratibu. Akaimwaga ile ndoo nje, akairudisha mahali pake, akaondoka.

Mwalimu hakuishia hapo. Aliita pikipiki akaenda mwenyewe Kabanga. Mama wa yule msichana anauza chai na maandazi kule karibu na hospitali, kila mtu anamjua. Alimkuta na wateja wake, akamwambia pale pale mbele yao kwamba binti yake ameiba mtihani.

Mimi nikabaki na msimamizi wa chumba, mtu wa huku huku, mpole, anayependa kila jambo liishe kabla ya saa kumi.

"Wewe una nywila ya fundi," aliniambia. "Badilisha tu. Andika mafaili yote ni ya mwalimu, tuchape, tumalize."

"Nikibadilisha, jina lake linafutika."

"Si ndiyo tunachotaka?"

"Linafutika na ushahidi wake. Mwalimu atasema rafiki yake amemsafishia. Na diski hii inarudi Kibondo mitihani ikishachapwa. Huko nako itasomekaje nikishaivuruga?"

"Wewe dada unapenda sana kazi ndefu."

"Sipendi kazi ndefu. Napenda kazi ya mara moja."

Sikumwambia kwamba na mimi nilikuwa nimeshaanza kumtilia shaka. Kidogo tu, dakika moja hivi, nikijiuliza kama kuna namna angeweza kuichomeka ile diski bila waya wangu. Angefungua boksi la kompyuta kwa bisibisi, akaifunga ndani. Nikakumbuka kwamba bisibisi ya pale hatuna, tunatumia kisu cha kukatia karatasi, na hicho kilikuwa kimepotea tangu Pasaka. Shaka ikaniisha, hasira ikabaki.

Nikakaa kwenye kompyuta. Nilikuwa najua amri moja inayoorodhesha mafaili pamoja na majina ya wenyewe. Kumbe ipo nyingine, karibu sawa na hiyo, inayoacha majina na kuonyesha namba. Niliisoma kwenye maelezo ya ndani ya mashine, Kiingereza kigumu, kidole kwenye kioo mstari kwa mstari. Nikaiandika. Pale palipokuwa na jina la yule msichana pakatokea 1001.

Hapo ndipo nilianza kuelewa. Diski haiandiki jina la mtu, inaandika namba. Jina linakaa kwenye kompyuta, kwenye orodha yake ya watu. Ukihamisha diski, namba inasafiri, jina linabaki Kibondo. Kompyuta mpya inaichukua namba, inatazama orodha yake yenyewe, inakuambia jina la mtu wake.

Na namba zinatolewa kwa foleni. Linux inampa fundi elfu moja, anayefuata elfu moja na moja, hivyo hivyo. Kibondo walifungua akaunti kwa heshima: mratibu kwanza, halafu walimu wakuu, wa taaluma, mpaka karani. Mkubwa hawezi kuwekwa nyuma ya karani hata kwenye mashine. Sisi Kasulu siku ile walimu walichelewa wote. Aliyekuwepo saa ya kufungua ni yule aliyekuja na ufunguo. Nikamfungulia yeye kwanza ili tujaribu kama inafanya kazi, wakubwa wakafuata kadiri walivyoingia. Mratibu alikuja Kasulu miezi baadaye, akapata 1006.

Basi elfu moja na moja ya Kibondo ni mwalimu. Elfu moja na moja ya Kasulu ni mpiga deki. Hakuna aliyeiba kitu.

Nikamweleza msimamizi. Akakuna kichwa. "Maneno hayo mwalimu hayakubali. Hata mimi nayakubali kwa sababu nakupenda tu."

"Njoo basi tuihamishe." Nikaichomoa diski, nikaipeleka kwenye kompyuta ya dirishani. Ile aliifungua yeye mwenyewe msimamizi wakati mimi nilikuwa naumwa, na kwa kuwa alikuwa peke yake chumbani baada ya ile ya fundi alianza na akaunti yake. Nikaandika ile amri ya majina.

Mtihani wa hesabu, mwenye mali: msimamizi. Kemia, msimamizi. Kiswahili, msimamizi.

Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Kwa hiyo na mimi nimeiba," alisema.

"Na wewe una ufunguo wa kabati."

"Usiseme hivyo hata kwa utani. Mimi nina watoto." Akavuta kiti akakaa. "Itoe hapo. Hapana, iache. Iache hivyo hivyo, aje aone."

Tangu hapo hakutaja tena saa kumi. Tukaipeleka na kwenye kompyuta ya tatu, ile ya kona, ambayo ina akaunti ya fundi peke yake. Huko elfu moja na moja hakuwepo, kwa hiyo ikaonyesha namba tupu, bila jina, kama mtoto aliyeachwa stendi na hakuna wa kumdai.

Bado nilikuwa na kazi. Kujua shida sio kuiondoa, na mitihani ilikuwa lazima ichapwe. Tena kulikuwa na jambo ambalo msimamizi hakuliona. Kila faili lina namba mbili, ya mtu na ya kundi. Kibondo lile kundi lilikuwa la walimu, ili walimu wasomeane. Kwetu namba ile ile ilikuwa ya kundi la wanafunzi wa kutaipu. Ningebadilisha mwenye faili tu, kama alivyotaka, mwalimu angefungua mtihani wake vizuri, na wanafunzi wangu wote wa kutaipu nao wangeufungua nyuma yake.

Nikaweka vocha ya intaneti kwenye modemu. Mtandao wa Kasulu jioni unatambaa. Nilisoma watu wakibishana kwa Kiingereza kuhusu shida kama yangu, wengi wakiwaambia wenzao wabadilishe tu mafaili yote, wamalize. Kumbe wasimamizi wa vyumba wako dunia nzima. Mmoja tu alitaja programu ndogo inaitwa bindfs. Kazi yake ni kwamba unaichukua folda iliyopo, unaionyesha mahali pengine, na katika kuionyesha unaiambia: namba hii ukiiona, ionyeshe kama namba ile. Mtu kwa mtu, kundi kwa kundi. Diski yenyewe haiguswi. Ni kama kumvalisha mtu miwani badala ya kupaka nyumba rangi.

Ilishuka polepole mpaka mwisho. Nikaenda kulala nikiwa na hamu ya asubuhi.

Jumamosi mwalimu alikuja na uso wa kazi. Nikamwamkia, nikamwomba akae kompyuta ya dirishani, nikampa waya na diski mkononi mwake.

"Chomeka wewe mwenyewe, mwalimu. Mimi nakaa huku."

Alichomeka. Akaandika amri nilivyomtajia, herufi kwa herufi. Akasoma. Akageuka kumtazama msimamizi, ambaye alikuwa amesimama wima na mikono nyuma kama yuko paredi.

"Wewe?"

"Mimi, mwalimu. Tangu jana."

"Haya hamia ya kona," nikamwambia mwalimu. Akahamia, akapata namba tupu. Akahamia ya mbele, akapata jina la msichana. Nikamwomba aandike ile amri ya namba kwenye kila moja. Kote elfu moja na moja.

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza. Nilikuwa na maneno mengi. Lakini alinyanyua mkono nikanyamaza, akavua miwani, akaifuta na shati.

"Namba ya mtahiniwa bila namba ya kituo," alisema.

"Nini?"

"Mtihani wa taifa. Mtoto haandiki jina, anaandika namba ya shule, mkwaju, namba yake. Kila shule ina mtahiniwa wa kwanza. Ukinipa karatasi imeandikwa namba ya mtoto peke yake, bila shule, mimi nitampa maksi nani?" Akaigonga diski kwa ukucha. "Hii imeandika mtahiniwa, haikuandika kituo. Nimesahihisha nchi nzima, binti. Hili jambo nalijua kuliko wewe. Sikulitegemea tu ndani ya kompyuta."

Niliona wivu kidogo, kwa kweli. Mimi ilinichukua siku nzima, na mfano wake ulikuwa mzuri kuliko wangu wa miwani.

"Sasa ngoja nikuulize swali gumu," aliendelea. "Kama mngeichomeka Alhamisi, na yeye akaingia kwa akaunti yake, mtihani ungefunguka?"

Msimamizi alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Ungefunguka," nilisema. "Ungefunguka kwake kabla yako. Ila haikuchomekwa. Na leo nitakuonyesha haufunguki tena."

Nikaandika amri ya bindfs mbele yake, huku nikimtajia kila kipande: elfu moja na moja ya diski ionekane elfu moja na sita, yaani wewe, kundi la walimu wa Kibondo lionekane kundi la walimu wa hapa. Ile njia ya zamani nikaifunga, asiione mtu isipokuwa fundi. Akaingia kwa akaunti yake, akabonyeza hesabu. Swali la kwanza likatokea, la pembe tatu na mti na kivuli chake. Akacheka kwa pua, akalifunga haraka nisilisome.

"Sasa ingia kama yeye," alisema.

Nikabadili nenosiri la msichana kwa muda, nikaingia na akaunti yake. Nikabonyeza. Hana ruhusa. Nikabonyeza Kemia. Hana ruhusa. Mwalimu akataka na ya mwanafunzi mwingine yeyote wa kutaipu. Hana ruhusa. Mwisho nikaondoa ile miwani ya bindfs, nikaisoma diski kama ilivyo: elfu moja na moja, kama ilivyotoka Kibondo. Hakuna herufi iliyobadilika ndani yake.

Tulichapa mpaka alasiri. Mwalimu mwenyewe alihesabu karatasi na kubandika bahasha, hakutaka mtu amsaidie. Alipomaliza akasema, akiwa anafunga begi, "Haya. Jumatatu aje afanye mtihani. Nimempigia mkuu wake, nimemwambia ilikuwa makosa ya mashine."

"Na mama yake?"

"Utamwambia wewe. Ni rafiki yako."

"Mimi sikwenda Kabanga, mwalimu. Wewe ndiye uliyekwenda."

"Asubuhi nawahi basi la kwanza la Kibondo, bahasha hizi zinangojewa. Diski nitaipitia hapa alfajiri." Akampa mkono msimamizi, akanipa na mimi, akaenda gesti yake.

Niliona basi, ngoja nipige simu, nimalize. Nikampigia msichana. Akapokea mama yake.

"Mama, shikamoo. Habari njema, ilikuwa makosa. Binti aje shule Jumatatu, afanye mtihani."

"Oya," alisema. Hiyo ni hapana ya kwetu, na yeye huitamka fupi sana. "Haji."

"Mwalimu mwenyewe amekubali, mama."

"Amekubali kwako. Hapa amesema nini? Amekuja na pikipiki, amesimama mbele ya watu wanakunywa chai, amesema mwanangu mwizi. Leo sijauza hata andazi la kuonja, wananiangalia tu. Sasa wewe unanipigia simu. Simu nani ameisikia? Mimi peke yangu." Akaendelea, "Kesho anakwenda Mabamba kwa mjomba wake. Kule kuna shamba, kuna biashara ndogo ndogo na Warundi, hakuna kompyuta."

"Mama, amebakiza miezi michache tu amalize."

"Na mimi nimebakiza miaka mingi ya kukaa Kabanga."

Nikasikia msichana kwa nyuma akisema, "Mwambie dada ile ndoo inavuja, waitazame." Halafu simu ikakatika.

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Nilikasirika na mwalimu, nikakasirika na mama, halafu nikaona mama ana haki. Neno lilisemwa na mtu mzima, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Mimi nimeshughulika na namba siku mbili, nimezipanga vizuri kila moja kwa mwenyewe, na pale kwenye chai na maandazi jina la mtoto bado limebandikwa kwenye kitu kisicho chake. Pale haiwezi kufika bindfs. Lazima aende aliyelibandika.

Na mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa basi la kwanza tu.

Kisha nikakumbuka diski. Ilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati, ule wa kamba ya kiatu, ulikuwa shingoni kwangu. Bila diski ile hawezi kurudi Kibondo akawatazama wenzake usoni, kazi zao zote za mwaka zimo.

Nikampigia dereva wa pikipiki ninayemwamini, nikamwambia aje giza halijaisha, aje na mwenzake, pikipiki mbili. Akauliza tunakwenda kwenye msiba? Nikamwambia hapana, tunakwenda kunywa chai.

Nikapanga hivi. Kesho asubuhi nitatoa diski kabatini, niifunge kwenye kitenge chake, niipakate. Nitasimama mlangoni pa gesti kabla mwalimu hajafunga zipu ya begi. Nitamwamkia vizuri, shikamoo yake ataipata kamili. Halafu nitamwambia diski yake ataipokea Kabanga, mbele ya wale wanaokunywa chai, akishamaliza kusema, na basi la pili nalo linafika Kibondo.